Kiazi chini, kitunguu juu: hesabu za jiko la Basotu

Ushauri wa kuhifadhi viazi na vitunguu huwa mfupi: weka pakavu, penye ubaridi, pasipo jua. Kwa jiko la Basotu, wilayani Hanang, Tanzania, ushauri huo ni nusu ya kweli. Nyanda hizi za Hanang na Mbulu ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai mtu halali bila blanketi zito. Ubaridi upo tele, na hauhitaji friji. Shida ni kwamba ubaridi unaokituliza kiazi ndio huohuo unaokiamsha kitunguu.

Tuanze na kiazi. Kikishavunwa hulala kwa muda kabla ya kuchipua, na muda huo hutegemea mbegu. Shangi, aina iliyotapakaa masoko ya Kenya, hulala wiki chache tu. Nyingine hukaa miezi miwili hata mitatu. Kwa matumizi ya nyumbani kiazi hutulia vizuri zaidi kati ya nyuzi 7 na 10 za Selsiasi. Kikiwekwa kwenye ubaridi zaidi ya huo, kama wa friji, wanga wake huanza kugeuka sukari, na chipsi zake hupiga weusi kabla hazijaiva ndani. Karibu asilimia 80 ya kiazi ni maji, kwa hiyo hewa kavu mno hukinyausha. Juu ya yote kinataka giza. Mwanga hukigeuza kijani, na pamoja na rangi hiyo huongezeka solanini, sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Kitunguu maji kina tabia nyingine. Hulala penye baridi kali iliyo karibu na nyuzi 0, na hulala pia penye joto la nyuzi 25 hadi 30, mradi hewa iwe kavu. Hapo katikati, nyuzi 10 hadi 20, ndipo kinapochipua upesi. Ndiyo maana katika nchi za joto vitunguu huwekwa kwenye vibanda vyenye kuta za matundu, bila mashine ya kupoza, na vinadumu. Kitunguu saumu, zao ambalo Mbulu inasifika nalo, nacho huchipua haraka penye ubaridi wa kati, takriban nyuzi 5 hadi 18. Friji nyingi za nyumbani zinagusa humohumo. Ukitoa kichwa cha saumu kwenye friji ukakirudisha kabatini, kichipukizi cha kijani hakichelewi.

Sasa tazama jiko la Basotu saa 12 asubuhi: sakafu ya saruji ni baridi, kuta ni baridi, bati ni baridi zaidi. Kwa kiazi hapo ni peponi. Kitunguu kimewekwa palepale kinapoamkia. Dar es Salaam mambo yamegeuka: joto linakichosha kiazi, na kitunguu kinachoelekea kuvumilia joto hilo kinaharibiwa na unyevu wa bahari. Kila mji una mgonjwa wake.

Mpangilio nilioukagua katika nyumba moja ya huku unajibu tatizo hili kwa kutumia kimo cha jiko. Hewa ya moto hupanda, hewa ya baridi hukaa chini. Basi chumba kimoja kina hali za hewa mbili, na mwenye nyumba amezitumia zote.

Chini, kwenye kona iliyo mbali na meko na dirisha, kuna kreti ya mbao juu ya matofali mawili, ili sakafu isipitishe unyevu na hewa ipite chini. Ndani kuna majani makavu ya ngano, kitu kisichonunuliwa katika eneo ambalo mashamba makubwa ya ngano yalilimwa kwa miongo kadhaa chini ya shirika la umma la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Viazi vimepangwa juu ya majani hayo kwa tabaka mbili tu, visikandamizane, kisha vimefunikwa gunia la katani. Gunia huzuia mwanga na kuacha kiazi kipumue. Salfeti lingezuia hewa, na jasho la viazi lingevirudia vyenyewe.

Juu, upande wa meko, vitunguu maji vimening'inizwa ndani ya mfuko wa wavu kutoka kwenye kenchi, na saumu zimesukwa kwa majani yake na kutundikwa kwenye msumari. Moto wa mafiga hukausha hewa ya sehemu hiyo kila siku. Kanuni hii si ngeni: dari juu ya meko limekausha nafaka za watu wengi wa nyanda za juu kabla ya kabati kuingia jikoni. Tembe za Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, zenye paa bapa la udongo na kuta nene, zilikuwa na faida ya ziada, kwani udongo haupandishi wala kushusha joto kwa haraka. Bati hufanya yote mawili ndani ya siku moja.

Na bati ndilo lililoleta kasoro pekee niliyoiona. Mfuko wa vitunguu ulikuwa karibu sana na paa. Usiku mvuke wa jikoni hugota kwenye bati la baridi, hugeuka matone, na asubuhi matone hudondokea vitunguu. Vile vya juu vilikuwa na ukungu mweusi kwenye maganda, vya chini vikiwa safi. Dawa yake ni kuushusha mfuko nusu mita hivi, kuuweka mbali na ukuta, na kuhakikisha haupo juu ya sufuria linalofuka. Joto la meko linatakiwa, mvuke wa makande hautakiwi.

Husemwa kwamba viazi na vitunguu havikai pamoja kwa sababu ya gesi ya ethilini. Gesi hiyo kitunguu hutoa kidogo sana, na huko Uingereza maghala mengine huitumia makusudi kuzuia viazi visichipue. Sababu iliyo wazi zaidi ni unyevu: kiazi kinapumua mvuke, kitunguu kinataka ukavu. Kuvitenganisha ni sahihi, hata kama maelezo yanayosambaa si sahihi.

Kimo peke yake hakiokoi mzigo mbovu. Kitunguu chenye shingo nene au mbichi hakikukaushwa vizuri baada ya kuvunwa, kitumike kwanza. Kiazi kilichokatwa na jembe au kupondeka ndani ya lumbesa kitumike wiki hiyohiyo. Usioshe chochote kabla ya kuhifadhi; kung'uta udongo mkavu kunatosha. Siku moja kwa wiki pitisha mkono kreti nzima, kwa kuwa kilichooza hujitangaza kwa harufu baada ya kuambukiza majirani. Kiazi kilichokuwa kijani sana au kichungu kitupwe. Na saumu zilizomenywa zikalowekwa kwenye mafuta zisiachwe mezani: bakteria wa botulizimu hustawi pasipo hewa. Ziwekwe kwenye friji na ziishe ndani ya siku nne.

Unadhifu wa jiko hili basi haukutokana na makopo yanayofanana. Kila kitu kina mahali kwa sababu mahali hapo pana kazi. Mwenye nafasi finyu, hata wa chumba kimoja, anaweza kuanza na matofali mawili, gunia na msumari, kisha apange vingine vyote katikati, ambako si kiazi wala kitunguu kinachopataka.