Saa ya Maji na Saa ya Mazoezi

Neno mazoezi latokana na kuzoea. Yafaa sisi walimu tuikumbuke asili hiyo, maana wengi hulitumia kana kwamba maana yake ni kujaribu tu: watu hukutana, hujaribu maneno ya mchezo mara mbili tatu, kisha huvaa mavazi wakatoka mbele ya watazamaji. Lakini ajaribuye hutazama kama jambo laweza kufanyika. Azoeaye hulirudia mpaka likae mwilini mwake. Tofauti hiyo naliiona katika mchezo wa "Kinjeketile" ulioonyeshwa na shule moja ya hapa delta ya Rufiji, nami nalikuwa mmoja wa waliosaidia kuutayarisha.

Mchezo huo uliandikwa na Ebrahim Hussein, ukapigwa chapa mwaka 1969, nao wahusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907. Kwa watu wa Mbuchi na vijiji jirani hii si hadithi ya mbali. Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu wa Ngarambe, katika nchi hii hii ya Rufiji, na Wajerumani walimnyonga huko Mohoro mwezi wa Agosti 1905. Kwa hiyo watazamaji walikuja wengi, wazee kwa watoto, wakatandika mikeka yao mapema.

Mwanzo ulipendeza sana. Wasichana wawili walioigiza wanawake wanaozungumza juu ya njaa walisema kama wasemavyo mama zetu, bila haraka, kila mmoja akimngoja mwenzake amalize. Walakini kadiri mchezo ulivyoendelea, ulilegea. Mwishoni Kinjeketile yumo kifungoni. Atakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uwongo, naye akataa. Hapo ndipo uzito wa mchezo wote. Lakini mvulana aliyemwigiza aliyasema maneno yake mbiombio, macho yake yakimtafuta mwalimu aliyeshika kitabu nyuma ya pazia. Watu walianza kukunja mikeka kabla hajamaliza.

Kosa halikuwa la mvulana huyo. Kila siku ya mazoezi tulianzia ukurasa wa kwanza, na kila siku muda ulitwishia katikati. Basi mwanzo ukazoewa, na mwisho ukajaribiwa tu.

Tena liko kosa la pili, nalo ni langu. Tulikuwa tumeagiza mazoezi yawe saa kumi alasiri kila siku. Juma la kwanza watoto wa ng'ambo ya mkondo walifika kwa wakati. Juma la pili walichelewa wote, wamejaa matope hadi magotini. Nikasema ni wavivu. Mvulana wa kwanza aliyepewa nafasi ya Kinjeketile alichelewa mara tatu, nami ndiye niliyetoa shauri aondolewe, zikiwa zimesalia siku 4 tu. Baadaye bibi yake aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, mtoto apite wapi, na maji yamekupwa?" Sikuwa na jibu.

Kila mkaaji wa delta ajua kwamba maji hayashiki saa ya ukutani. Kila siku hujaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50 kupita jana yake. Basi kama leo maji yamejaa saa kumi alasiri, baada ya siku 7 yatajaa karibu na saa nne usiku, na saa kumi mtumbwi utakuwa umelala matopeni kati ya mikoko. Baada ya siku 14 au 15 mambo hurudi karibu kama mwanzo. Hesabu hii wavuvi huifanya bila kalamu, nasi wenye kalamu hatukuifanya.

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu hivi. Kabla ya kugawa nafasi za mchezo, iandikwe kalenda ya mazoezi kwa kufuata maji, na wazee wa vijiji waulizwe. Ikiisha kuandikwa, ishikwe: hapo achelewaye hana tena udhuru, na mwalimu achelewaye hana vilevile. Siku moja mazoezi yaanzie mwanzo, siku ya pili yaanzie mwisho. Na kila mtu aje akiwa amekwisha kujifunza maneno yake nyumbani, ili saa ile fupi itumike kusikilizana. Maana kusema peke yake mtu aweza kuzoea hata shambani, lakini kumjibu mwenzake hawezi kuzoea pasipo mwenzake.

Wahenga wametuachia methali mbili: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Watu hudhani zapingana. Katika mchezo wenyewe Kinjeketile ataka watu wangoje na kujiweka tayari, nao wamhimiza. Sisi tuliucheza mchezo huo na hatukuusikia. Tulimharakisha mtoto aliyekuwa akingoja maji, kisha tukampandisha jukwaani mwingine asiye tayari. Yule wa kwanza nimekwisha kumwomba radhi mbele ya bibi yake. Mchezo ukirudiwa, nafasi ile ni yake, na saa ya mazoezi ataipanga yeye pamoja nasi.