Usimamizi, Rika na Mwenza: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Unasihi

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa vitabu vya unasihi ni ile ya utaratibu ambao wanafunzi wa fani hiyo hukutana bila mkufunzi, kila mmoja akaeleza kwa zamu jinsi alivyomnasihi mtu fulani, na wenziwe wakamhoji, wakamsahihisha na kumtia moyo. Tafsiri ijayo upesi ni usimamizi rika. Kwa maoni yetu tafsiri hiyo ina kasoro mbili, nasi tutazipima kwa masikio ya wasemaji wa Mtwara na vijiji vya mlango wa mto Ruvuma.

Kasoro ya kwanza imo katika usimamizi. Neno la Kiingereza limejengwa kwa mizizi ya Kilatini yenye maana ya kutazama kutoka juu, na tafsiri hii imeifuata picha hiyo. Lakini kwa Mswahili msimamizi ni wa mtihani, wa mirathi au wa vibarua: ana amri, na aliye chini yake aghalabu humficha kosa. Utaratibu tunaouzungumzia wategemea kinyume chake, yaani mwanagenzi alitaje kosa mwenyewe.

Kasoro ya pili imo katika rika. Rika ni watu waliolingana umri, na penye jando ni wale walioingia pamoja. Darasani mwalimu wa miaka 50 aweza kuketi na muuguzi wa miaka 23. Wamelingana kwa daraja la mafunzo, si kwa rika. Wala mwenza halifai: mama mjamzito aambiwapo zahanati aje na mwenza wake, huelewa kuwa ni mumewe.

Je, jando na unyago havitupi neno? Mila hizo za Wamakonde, Wamakua na Wayao zatufunza kutunza siri. Lakini mafunzo yake hushuka kutoka kwa kungwi kwenda kwa mwari. Wari hawafundani.

Wengine watapendelea mashauriano. Neno hilo ni tamu, ila halibebi dhamana. Mnamo Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilishambuliwa na wapiganaji waliovuka kutoka Msumbiji, na watu wakauawa. Aliyefiwa katika msiba wa namna hiyo akimfungulia moyo mwanagenzi, hapana budi maneno yake yawe na mlinzi. Kijijini mtu hutambulikana hata asipotajwa jina. Yatosha kutaja ukoo au mtumbwi wake. Tena jambo likiwazidi wanagenzi, sharti lifikishwe kwa mkufunzi. Mashauriano hayamdai mtu hayo.

Kwa hiyo twapendekeza uangalizi baina ya wanagenzi. Mgonjwa aliye chini ya uangalizi hutunzwa na kufuatiliwa, na akidhurika mwangalizi huulizwa. Maneno baina ya yaonyesha kwamba kazi hiyo huenda na kurudi kati ya walio sawa, bila kugusa umri. Istilahi yazaa pia ndugu zake: uangalizi wa mkufunzi, na uangalizi baina ya wanasihi kwa waliokwisha kuhitimu.

Ni ndefu, tunakiri. Hata hivyo, istilahi fupi inayomfanya mwanagenzi afiche kosa lake humgharimu aliyekuja kutafuta msaada. Wafasiri na wakufunzi na waijaribu darasani kabla ya kuikataa.