Haraka ya Basi na Hatua za Mwenda kwa Miguu

Utamaduni utajwapo, wengi wetu hufikiria ngoma, mashairi na vinyago. Barabara na vituo vya mabasi havimo katika hesabu hiyo. Hata hivyo, mji nao ni utunzi, tena utunzi ambao mwananchi hawezi kuufunga kama kitabu kimchoshapo. Hapana budi basi tuuhakiki, fani na maudhui, kwa kuuliza: umetungwa kwa ajili ya nani?

Tuitazame Kariakoo ya Dar es Salaam. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini, na Waafrika ng'ambo ya Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi ili kuwatenga. Jina lenyewe la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Ni mtaa wenye jina la watu waliotembea na mizigo.

Soko kuu lililofunguliwa mwaka 1975, kazi ya msanifu Beda Amuli, liliwakumbuka watu hao. Paa lake la zege lilichukua umbo la miavuli mikubwa, kana kwamba msanifu alijua kuwa soko letu huanzia chini ya mti. Moto wa Julai 2021 uliliunguza jengo. Fundisho lake halikuungua.

Mwaka 2016 yalianza Mabasi Yaendayo Haraka, katika njia zake ya pekee kutoka Kimara hadi Kivukoni, na tawi la Mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani. Wapo wanaoyakejeli kwa methali ya haraka haraka haina baraka. Sisi hatukubaliani nao. Mfanyakazi aamkaye alfajiri anayo haki ya kufika upesi, na kumpa basi njia mbele ya gari la mtu mmoja ni uamuzi wa haki.

Lakini safari haikomi kituoni. Abiria ashukapo huwa mwenda kwa miguu, na hapo ndipo utunzi unapolegea. Njia ya basi imetengwa na kulindwa; njia ya miguu huzibwa na magari yaliyoegeshwa na bidhaa zilizopangwa, na kivuli ni haba. Lawama humwangukia machinga, ambaye mwaka 2021 aliamriwa kuondoka kandokando ya barabara za jiji. La hasha! Machinga hufuata miguu ya wateja. Amri hiyo yathibitisha tu kwamba ramani ilichorwa bila yeye, ilhali kila mtu alijua kwamba yupo.

Tunawashauri walimu wawapeleke wanafunzi mjini adhuhuri. Watembee kutoka kituoni hadi sokoni, kila mmoja na mzigo wake, wakihesabu miti na mahali pa kupumzika. Watakaporudi darasani, watakuwa wamekwisha kuuhakiki mji.