Sijisikii

Katika kanisa ninalosali yuko mzee mmoja wa sauti ya nne ambaye siku hizi haimbi. Hukaa benchi la tatu, kitabu cha nyimbo kimefungwa magotini. Nilipomwuliza kulikoni, akajibu, "Sijisikii, mwanangu." Nikampa pole, nikidhani anaumwa. Kumbe alimaanisha hivyo hivyo alivyosema: akifungua kinywa, haisikii sauti yake mwenyewe.

Ajabu ni kwamba walio jukwaani nao wana lalamiko hilo hilo. Mpiga besi hajisikii kwa sababu ya dramu, basi anaongeza amplifaya. Mpiga kinanda naye anamwonyesha fundi mitambo kidole cha juu. Waimbaji wanataka monita zao, zile spika zinazolazwa sakafuni kuwaelekea, ziongezwe. Fundi anaongeza, na maiki zinainasa sauti ya monita na kuirudisha tena humo humo, mpaka mluzi unalia katikati ya sala.

Watu humlaumu fundi. Mimi simlaumu. Alhamisi moja, wakati wa mazoezi, spika kubwa zilikufa. Nilikuwa benchi la tatu, na kelele ilipungua kidogo mno! Yaani tulichokuwa tukikisikia kila Jumapili kilikuwa jukwaa lenyewe, likigonga ukuta wa nyuma na bati na kuturudia limechelewa. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 17 kutoka ukutani huipata mara ya pili baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Muda huo unatosha neno moja kulifunika jingine. Fundi atapunguza nini hapo?

Nami sina mikono misafi. Nilipiga besi miaka mingi, amplifaya yangu ikiwa chini, ikiyapigia magoti yangu, na magoti hayana masikio. Ningeiinua juu ya kiti tu, ningejisikia kwa nusu ya sauti ile. Mwimbaji naye hahitaji bendi nzima kwenye monita. Kinanda cha kumpa ufunguo na sauti yake vinamtosha. Na monita ikae nyuma ya maiki, kwa kuwa maiki nyingi za waimbaji husikia mbele na karibu ni viziwi kwa nyuma. Ila anayeikumbatia kichwa kwa kiganja, kama vijana wetu wapendavyo, anauondoa uziwi huo. Dramu haina kitufe. Hapo ni mkono wa mpigaji, na ndiyo maana ningeanza na yeye.

Sasa tunachangishwa fedha za spika kubwa zaidi. Bahasha yangu ninayo bado. Naiomba kamati ije Alhamisi, izime spika tulizonazo, bendi ipige kama Jumapili, nao wakae pale benchi la tatu, karibu na mzee.