Mstari Ambao Freddie Hakuufuta

Mwaka 1969 kijana mmoja mzaliwa wa Unguja alihitimu katika chuo cha sanaa cha Ealing, magharibi mwa London, akiwa na stashahada ya usanifu wa michoro. Alikuwa ameanza kwa kusomea ubunifu wa mavazi, kisha akahamia kwenye michoro. Nguo na mstari: mambo hayo mawili hayakumwacha tena mpaka mwisho wa maisha yake.

Dunia inamjua kwa koo lake. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Septemba 5, 1946 katika familia ya Waparsi, baba akiwa mtunza fedha mahakamani chini ya Waingereza, alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Unguja mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, Uingereza. Huko ndiko alikopata kuwa Freddie Mercury wa kundi la Queen. Sauti yake imeandikwa sana, na inastahili. Lakini mimi ni mtu wa kutazama mikono ya mafundi, na naona huyu tumemsikiliza kuliko tulivyomtazama.

Chuoni alimchora mpiga gitaa Jimi Hendrix mara kwa mara: mwili, gitaa, nywele, koti. Ukimchora mtu mmoja tena na tena unajifunza ni nini hasa kinachomfanya awe yeye, na ni kipi ukikiondoa hakuna atakayegundua. Somo hilo halifundishwi kwa mdomo.

Tazama nembo ya Queen, kazi ya mkono wake mwenyewe, aliyoichora kabla ya albamu yao ya kwanza ya mwaka 1973. Katikati ipo herufi Q, ndani yake taji. Simba wawili wameishika huku na huku, kwa sababu wenzake wa kundi John Deacon na Roger Taylor nyota yao ni Simba. Kaa amekaa juu ya herufi, ndiye Brian May, na moto unapanda kutoka hapo. Juu ya wote ndege finiksi, yule anayezaliwa upya kutoka majivuni, amekunjua mabawa na kuwafunika. Na mchoraji yuko wapi? Nyota yake ni Mashuke, ile ya mwanamwali. Wenzake amewafanya wanyama wa makucha na magamba; yeye amejichora kama wasichana wawili wenye mabawa, wale wa hadithi za Ulaya, wamejikinga chini ya simba. Miaka kumi na zaidi kabla ya kuvaa sketi mbele ya kamera, alikwisha kujivika gauni kwa kalamu, na akaliweka kwenye nembo ya kundi ambayo kila mtu angeiona.

Hapa Bugarama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, kuta za saluni za kiume zina vichwa vilivyochorwa kwa rangi ya mafuta, kila kichwa na mtindo wake wa nywele. Jamaa mmoja anayeishi kwa kazi hiyo nilimwonyesha nembo ile kwenye simu. Akaitazama weee, akaikuza kwa vidole. “Kaka, huyu hakubahatisha,” akasema. “Mtoe simba mmoja uone, herufi yote inaanguka.” Hakuniuliza ni ya nani. Alikuwa ameshahamia kwenye mabawa, akihesabu manyoya.

Mkono huo huo ndio uliopanda jukwaani. Kile kipande cha stendi ya maikrofoni, kirungu kisicho na kitako, alikibeba maisha yake yote ya kazi, na ukimwangalia vizuri utaona anakitumia kama mchoraji anavyotumia kalamu: anakinyoosha, anakikatisha mbele ya kifua, anakipandisha juu, na mwili unamalizia mstari uliobaki. Shabiki aliye nyuma kabisa ya uwanja haoni uso. Anaona umbo. Freddie alilichora umbo hilo kwa ajili yake. Sanamu yake ya Montreux, Uswisi, ina mkono uliorushwa juu na ngumi iliyokunjwa. Ipige picha jua likiwa nyuma yake, ibaki kivuli kitupu, na bado utajua ni yeye.

Sasa tuje mwaka 1984, kwenye video ya “I Want to Break Free”, wimbo wa Deacon, iliyoongozwa na David Mallet. Wanaume wanne wamevaa kike, wakiigiza kwa utani maisha ya familia za kawaida kama yale ya tamthilia ya Kiingereza, Coronation Street. May ana gauni la kulalia na rola kichwani, Taylor ni msichana wa shule, Deacon ni bibi kizee. Freddie ni mama wa nyumbani: wigi jeusi, hereni, blauzi ya waridi isiyo na mikono, kimini cheusi cha ngozi, mashine ya kufyonza vumbi mkononi. Na masharubu yake yapo palepale.

Kwetu mwanaume kuvaa kike ili kuchekesha si jambo geni. Mchekeshaji Joti wa Orijino Komedi amewaigiza wanawake kwa ustadi hadi mtu unasahau nani yuko ndani ya khanga. Joti anajificha ndani ya mhusika. Freddie alifanya kinyume chake. Mtu wa chuo cha sanaa anajua kwamba picha nzima inaweza kusimama juu ya mstari mmoja, na yeye aliuacha ule ambao mwingine yeyote angeunyoa. Ukiyaondoa masharubu unabaki na mwanaume aliyejitahidi kufanana na mwanamke. Yakiwepo, unapata mtu wa tatu ambaye hajawahi kuwepo, anayesukuma mashine yake kwa madaha na kukukodolea jicho moja kwa moja. Marekani hawakuipenda, May amesimulia mara nyingi jinsi video hiyo ilivyowagharimu huko.

Kisha yule mama anafungua mlango wa kabati, na ndani kuna giza lililojaa watu waliovaa kofia zenye taa, kama wachimbaji wanaoshuka zamu. Huku kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa taa hizo.

Baada ya hapo linakuja dansi pamoja na wacheza baleti wa Royal Ballet, Freddie akiwa amejifanya Nijinsky, mchezaji mashuhuri wa Urusi, masikio yamechongoka na mwili umepakwa madoa. Kwa kipande hicho kifupi, na kwa hicho tu katika video nzima, aliyanyoa masharubu. Nijinsky hakuwa nayo.