Majivu ya Iceland na zamu za KLM: huduma kwa wateja ilivyoingia katika uhusiano wa umma

Volkano ya Eyjafjallajökull, nchini Iceland, ililipuka tarehe 14 Aprili 2010. Kwa siku zipatazo sita majivu yake yalifunga sehemu kubwa ya anga la Ulaya, safari kama 100,000 zikafutwa na mamilioni ya abiria wakakwama. Kwa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, simu zilizidiwa. Waliokosa mtu wa kuzungumza naye walikwenda Twitter na Facebook, wakauliza huko huko, kila mtu akisoma.

Mpaka hapo, ofisi nyingi za uhusiano wa umma zilizoea kuandaa taarifa moja, kuipeleka kwa vyombo vya habari na kungoja magazeti ya kesho. Taarifa ya aina hiyo ilitosha kutangaza kwamba anga limefungwa. Haikumsaidia abiria aliyekwama Nairobi kujua ataondoka lini na nani atamlipia hoteli. KLM ikakusanya wafanyakazi waliojitolea kutoka idara mbalimbali, ikawapanga kwa zamu, na maswali yakajibiwa moja moja, usiku na mchana.

Dharura ilipokwisha, zamu hizo ziligeuzwa kuwa huduma ya kudumu, saa 24. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleza, mgumu kuutimiza. Abiria aliandika hadharani, naye mhudumu alimjibu hapo hapo kwa ufupi. Kisha alimwomba atume kwa ujumbe wa faragha namba ya tiketi aliyohifadhi, yenye jumla ya herufi na tarakimu sita, ili taarifa zake zisianikwe. Mambo ya tiketi yalimalizwa faraghani, lakini jibu la kwanza lilibaki wazi, likasomwa na wengine wenye shida ileile. Jibu hilo ndilo linalojenga au kubomoa jina la shirika, na ndiyo maana mhudumu anayelitoa lazima awe na uwezo wa kuifungua tiketi na kuibadilisha. Asiye na uwezo huo hubaki kuomba radhi tu, na radhi zikirudiwa mara kumi huudhi kuliko kimya.

Mwaka 2013 KLM ilipiga hatua ya kijasiri zaidi: juu ya ukurasa wake wa Twitter iliweka muda ambao mteja angetarajia kusubiri jibu, ukisahihishwa kila baada ya dakika tano. Foleni iliyokuwa siri ya ndani ikaonekana na yeyote, wakiwamo waandishi wa habari na washindani. Ahadi ya namna hiyo haiwezi kutolewa na msemaji peke yake. Hutegemea idadi ya watu walio zamuni.

Baadaye Messenger na WhatsApp ziliongezwa. Kuanzia 2016 shirika lilijaribu pia mfumo wa akili mnemba uliompendekezea mhudumu jibu, naye alilikubali au kulirekebisha kabla halijatumwa.