Piloti wa Diski

Alikuja na kompyuta yake imefungwa ndani ya kitenge cha mama yake, kwa sababu ya vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi la Saio, mtaa wetu hapa Bunia, huingia hata kwenye sukari. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na ndani ya diski yake mlikuwa na kazi yake ya kumalizia masomo, karibu kurasa mia, wala hapakuwa na nakala mahali pengine. Mashine ilikuwa inawaka vizuri, inafanya kazi nusu saa, pengine saa nzima, halafu inaganda. Taa ya diski inabaki imewaka bila kupepesa. Kisha skrini inakuwa buluu, na kile kiuso cha huzuni ambacho Microsoft ilianza kutuonyesha mwaka 2012, wakati wa Windows 8. Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kumwambia neno moja: fomati.

Fundi wa tatu, jirani yangu hapa Saio, hakugusa hata kibodi. Alimvutia kiti, akamwuliza: “Dada, kabla haijaanza kuanguka, ulifanya nini nayo?”

“Hakuna, fundi. Niliiacha tu usiku, imeunganishwa na intaneti ya simu.”

“Ulipoamka ilikuwa imejizima na kujiwasha?”

Alifikiri. “Ndiyo.”

Nilikuwa kwenye benchi la mbao nikingoja printa yangu, nikamwona fundi akirudisha bisibisi yake kwenye kopo. Tangu siku hiyo huwa naenda pale hata nisipokuwa na kitu cha kutengeneza.

Kati ya Windows na diski kuna programu ndogo ambayo kazi yake ni kupeleka na kurudisha mizigo: soma hapa, andika pale. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunaiita piloti. Ukivuka mpaka kwenda Kampala utasikia draiva. Baadhi ya waandishi wa Kiswahili sanifu hutumia kiendeshi, neno ambalo kwa bahati mbaya hutumika pia kwa diski yenyewe, kwa hiyo kiendeshi kinaendesha kiendeshi na msomaji anaachwa barabarani. Mimi nabaki na piloti, na nampa nafsi ya mtu, kwa sababu ndivyo mafundi wanavyomsema: amechoka, amelala, si wa mashine hii. Hata jina la mtaa wetu lina madereva ndani yake: Saio ni jina lililotoka Ethiopia, pale ambapo Jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha kwa jeshi la Kongo ya Wabelgiji mwezi wa Julai 1941. Askari wale walikuwa wamefika kupitia Sudan, safari ya mamia ya kilomita, chakula na risasi vikiwafuata nyuma kwa taabu. Fundi anapenda historia, na husema mtaa wetu umepewa jina la vita vya mashofere.

Programu ya kawaida ikikosea, inafungwa peke yake na wengine wanaendelea. Piloti anaishi ndani ya kiini cha mfumo, penye ruhusa zote. Akiishikilia prosesa kupita muda aliopewa, mlinzi wa Windows anasimamisha mashine nzima. Kosa hilo lina namba, 0x133, na ndilo lililokuwa kwenye skrini ya yule dada. Watu huiogopa skrini ya buluu kama kifo. Mimi nimejifunza kuiona kama breki. Mfumo umegundua kwamba hauwezi tena kumwamini mmoja wa watu wake wa ndani, ukaona afadhali usimame kuliko kuandika takataka juu ya kurasa za mwenye mashine.

Shida ni kwamba washukiwa ni wengi na dalili zao zinafanana. Mashine huganda kwa diski iliyochoka, huganda kwa waya wa SATA uliolegea katika mitikisiko ya barabara ya Mahagi, huganda kwa umeme unaoyumba jenereta inapolemewa. Hapo fomati inakuwa jibu tamu. Inafuta kila kitu, pamoja na piloti mbovu, na mashine inapona wiki mbili, mpaka Windows imshushe tena piloti yule yule kutoka kwenye intaneti. Fundi amelipwa, kurasa mia zimekwenda, na hakuna aliyejua kosa lilikuwa la nani. Bunia ni mji unaojua bei ya kumtaja mkosaji kabla ya kuuliza. Sisi tuliokuwa hapa mwaka 2003, wakati wa vita, hatuhitaji kufundishwa hilo. Labda ndiyo sababu napenda kumtazama mtu ambaye nusu ya kazi yake ni kukataa kutaja.

Alianza kwa kunakili. Aliingiza flashi yenye Linux, mfumo mwingine usio Windows, akaiwasha mashine kwa flashi hiyo bila kuigusa Windows, akahamisha kurasa zote kwenye diski ya nje. Ilikuwa huruma, lakini ilikuwa pia jaribio. Linux ina piloti wake. Diski ni ile ile, plagi ni ile ile, umeme ni ule ule wa jenereta ya jirani. Aliyebadilika ni piloti peke yake. Aliiacha isome diski yote mwanzo hadi mwisho, saa mbili na zaidi, haikuganda hata mara moja. Kisha akafungua daftari ambalo diski hujiandikia yenyewe, linaloitwa SMART, akatafuta mistari mitatu: namba 5, sehemu zilizokufa na kuhamishwa, namba 197, zile zinazongoja hukumu, namba 199, makosa ya njiani, ambayo mara nyingi ni ya waya. Sifuri, sifuri, sifuri. “Diski haina kesi,” alisema, akaandika kwenye karatasi.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niiheshimu kazi hii. Windows ikianguka huacha ushuhuda mfupi wa yaliyokuwa kichwani mwake, katika folda iitwayo Minidump. Folda ilikuwa tupu, ingawa mashine ilikuwa imeanguka zaidi ya mara kumi. Mimi ningekata tamaa. Fundi alicheka. Ushuhuda ule, alinieleza, lazima uandikwe kwenye diski, na saa ya kuanguka anayeuandika ni nakala ya piloti yule yule wa diski, ambaye Windows humweka pembeni kwa ajili ya siku hiyo na kumpa jina linaloanza na dump_. Mshukiwa ndiye karani wa mahakama! Piloti akishindwa kusikilizana na diski, nakala yake nayo inaweza kushindwa, na karatasi ikabaki nyeupe. Weupe huo aliuandika kama ushahidi. Halafu, katika kumbukumbu za matukio, akaukuta mstari uliojirudia muda mfupi kabla ya kila anguko: tukio 129, Windows ikisema imelazimika kuianzisha upya njia ya diski kwa kuwa haikupata jibu. Mstari wa kwanza ulikuwa na tarehe ya kesho yake baada ya usiku ule wa simu.

Dawa ilichukua dakika tano. Katika orodha ya vifaa alimwondoa piloti wa mtengenezaji wa chipu, aliyeshuka usiku ule pamoja na masasisho, akamweka wa Microsoft, storahci, ambaye hana mbwembwe ila anazijua mashine nyingi. Akaizima, akaiwasha. Ndipo ikaanza kazi ndefu kuliko zote, ya kutoamini. Alinakili faili kubwa huku na huku mchana kutwa, akailaza mashine na kuiamsha, akaizima na kuiwasha. “Rudi keshokutwa,” alimwambia dada.

Malipo ndiyo magumu. Aliyebadilisha skrini anaonyesha ile iliyovunjika. Aliyemwondoa piloti hana cha kuonyesha mkononi. Nimewasikia wateja: “Fundi, mbona hujabadilisha kitu?” Hapo hutoa karatasi yake. Sidhani kama wote wanaisoma.

Na si kila mara piloti ana hatia. Kuna sekretariati moja karibu na hapa, mojawapo ya vibanda vile vya kuchapa barua na kutoa fotokopi, ambayo kompyuta yake ya mezani iliamka kila asubuhi na 0x7B: diski ya kuwashia haifikiki. Kijana wa pale alikuwa anaingia kwenye bayosi, programu inayoamka kabla ya Windows, anageuza neno moja, na mashine inawaka hadi jioni. Hakujua kwa nini. Alijua tu kwamba inakubali. Fundi alipoitwa alitazama saa kwenye kona ya skrini. Ilisema mwaka 2011. Akafungua kasha, akatoa betri bapa ya CR2032, ile ya volti 3 inayopatikana hata kwa watengeneza saa. Ilikuwa imekufa zamani. Umeme ulipokatika usiku, bayosi ilisahau kila kitu na kurudi kwenye mpangilio wa kiwandani, ikaisemesha diski kwa mtindo wa IDE badala ya AHCI. Windows ilimtuma piloti iliyemzoea, naye akafika na kukuta mlango mwingine. Yeye alilaumiwa miezi kadhaa kwa kosa la betri.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima ilipitia kwa siku moja shida ya wateja wa fundi. Sasisho la kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike lilimlisha piloti wake data mbovu ndani ya kiini, na kompyuta milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikaanguka. Ndege zilibaki chini. Dawa, kwa sehemu kubwa, ilikuwa kuingia katika hali salama na kufuta faili moja, mashine baada ya mashine, kwa mkono. Nilimwuliza fundi alifikiri nini aliposikia habari ile. Alisema aliwaonea wivu: wao waliambiwa jina la faili. Mwaka uliofuata Microsoft ikatangaza kwamba skrini ya buluu itakuwa nyeusi, na hilo halikumshughulisha hata kidogo.

Keshokutwa dada alirudi na kitenge kile kile. Kabla ya kumkabidhi, fundi alifungua kifuniko cha chini, akakata kipande cha karatasi, akaandika tarehe, jina la piloti aliyeondolewa, jina la aliyewekwa, na kwamba diski imepimwa na ni nzima. Akakibandika ndani. Dada akauliza ni cha nini, maana yeye hatakiona.

“Si chako,” alimjibu. “Ni cha yule atakayekwambia fomati.”